Lukumi si kumi: namna ya kununua chakula barabarani Lukaya, Uganda

Mimi ni mtu wa Muheza. Nikiwa darasa la tano nilikuwa nauza machungwa kwenye madirisha ya mabasi pale Segera, beseni kichwani, miguu peku, chenji nimeibana mdomoni. Kukimbia sambamba na basi linaloondoka huku unamhesabia abiria sarafu zake ni kazi ninayoijua. Kwa hiyo dada yangu, aliyeolewa Bukoba, aliponiomba nimsindikize mwanawe chuoni Kampala, sikudhani kuna mtu wa kunifundisha namna ya kununua kitu barabarani.

Tulipofika Lukaya nikatoa noti ya elfu kumi kwa gonja moja ya kuchoma.

Gonja yenyewe ilikuwa ya elfu moja. Mama muuzaji alisema "lukumi", mimi nikasikia kumi, na sokoni kwetu ukiambiwa kumi maana yake ni elfu kumi, hakuna anayemalizia. Nikasema moyoni, loo, nchi ya migomba lakini ndizi ghali hivi! Basi linanguruma, mpwa wangu ana njaa, nikatoa. Yule mama akaitazama noti, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akanihesabia elfu tisa zangu pale dirishani, noti moja moja, kwa sauti, ili na wenzake wasikie.

Tangu siku hiyo nimepita njia ile mara sita, kwenda na kurudi. Anayetaka kupita naye, haya ndiyo ninayomweleza.

Kwanza, uko wapi

Ukitoka Bukoba unavuka mpaka Mutukula, unapita Kyotera, unaingia Masaka, na kutoka Masaka unaelekea Kampala. Lukaya iko katika kipande hicho cha mwisho, kabla hujakivuka kinamasi cha Lwera na kabla ya Kayabwe, pale penye alama ya ikweta watu wanaposhuka kupiga picha. Mabasi na takisi husimama Lukaya kwa dakika chache. Takisi kwao ni daladala. Usije ukadhani umealikwa kwenye anasa.

Kama una nafasi ya kuchagua kiti, kaa upande wa kushoto. Uganda magari yanakwenda kushoto kama kwetu, hivyo basi linaegesha ubavu huo na wauzaji wanajaa madirisha hayo. Wa kulia hula mabaki ya mazungumzo: anapiga kelele juu ya vichwa vya watu, na anachopata amekipokea kwa mikono ya abiria watatu.

Fedha badilisha mpakani, lakini ujue kiwango kabla hujamkaribia mbadilishaji. Mara yangu ya mwisho shilingi 100 ya Tanzania ilinipa karibu 140 za Uganda. Omba noti ndogo: za 1,000, za 2,000, za 5,000. Sarafu zao zina maana bado, ya 500 inanunua kitu, usizitupe kwenye mfuko wa nyuma ukazikalia.

Hesabu kabla ya matunda

Hili ndilo somo lenyewe, mengine ni kachumbari. Kiganda na Kiswahili ni ndugu, na ndugu ndiye anayekupotosha, kwa sababu mgeni kabisa humsikilizi kwa kujiamini. Mzungu akiambiwa lukumi atauliza maana yake. Wewe hutauliza; utaona umeelewa.

Kariri hivi. *Kikumi* ni mia moja. *Bibiri* ni mia mbili, siyo mbili wala elfu mbili. *Bitaano* ni mia tano. Ukisikia tano ukatoa elfu tano umelipa mara kumi. *Lukumi* ni elfu moja. *Lukumi mu bitaano* ni elfu moja na mia tano. *Nkumi bbiri* ni elfu mbili, *nkumi ttaano* ni elfu tano. Na ile elfu kumi niliyoitoa mimi inaitwa *mutwalo*, neno ambalo halifanani hata kidogo na kumi. Safari iliyofuata tulikuwa tunayarudia haya na mpwa wangu njia nzima kutoka Kyotera, yeye anataja tarakimu mimi nataja jina, mpaka kondakta akaingilia kutusahihisha.

Kuuliza bei unasema *ssente mmeka?* Ukitaka apunguze, *salako*. Na nyongeza? Nyongeza ni nyongeza. Sema tu "nyongeza" na uso wa kuomba, utaongezwa kidole kimoja cha ndizi, kwa sababu neno hilo wanalo.

Salamu, halafu Kiswahili

Basi halikai, najua, lakini salamu haikuli sekunde tatu. Mwambie *gyebale ko, nnyabo* kama ni mwanamke, *ssebo* kama ni mwanamume. Ndiyo "pole na kazi" yao, na kwa mtu aliyesimama juani tangu asubuhi akiwa na mishikaki ya kuku mikononi, maneno hayo yana uzito kuliko "habari". Ukishuka kwenye gari ukamwamkia mama mtu mzima, anaweza kukunja magoti au kupiga goti kabisa kukuitikia. Ni adabu ya Kiganda. Mara ya kwanza niliinama kumwinua nikidhani ameanguka.

Ukishasalimia, endelea kwa Kiswahili kama Kiganda kimekuishia. Vijana wengi pale wanakijua kutoka kwa madereva wa malori. Wazee ndio wa kuwaendea taratibu. Shemeji yangu, Mhaya, hawezi kupita Lukaya akanyamaza: baba yake mkubwa alikuwa askari katika mapigano ya hapo, Machi 10 na 11, 1979, jeshi letu lilipokutana na majeshi ya Idi Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia. Kwa watu wa umri ule Kiswahili kilikuwa lugha ya bunduki, ya askari wa Amin na ya askari wetu pia. Katiba ya Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini sikio la mzee halibadilishwi na katiba. Mtangulizie *gyebale ko*, atakuchekea.

Wanavyouza

Basi likipunguza mwendo tu utawaona wanakuja mbio, wamevaa makoti ya kazi yenye namba. Kuku wa mshikaki wanainuliwa mpaka kwenye kioo, maini, nyama ya kuchoma wanayoiita *muchomo*, gonja, mihogo, maji, soda. Kelele ni nyingi na kila mmoja anakuonyesha chake kana kwamba wewe ndiye uliyemtuma.

Usinunue kwa wa kwanza kufika. Siyo kwamba ana ubaya; aliyefika wa kwanza mara nyingi ndiye aliyekuwa ameshika bidhaa tayari, na iliyoshikwa tayari imepoa. Tazama nyuma yao, kwenye majiko. Mnyooshee kidole gonja iliyo juu ya makaa na mwambie hiyo. Atakimbia kuifuata. Wakati anakimbia, soma namba ya koti lake na uikumbuke, kwa sababu atakaporudi watakuwa watatu na kila mmoja atasema ni yeye.

Kisha ubadilishanaji. Hela yako mkono mmoja, chakula chake mkono wa pili, kwa wakati mmoja. Toa kiasi kamili. Nakuambia kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa dirisha: muuzaji anaichukia noti kubwa kuliko wewe unavyoogopa kuitoa. Abiria mwenye noti kubwa tulikuwa tunamkwepa, maana ukienda kutafuta chenji umepoteza wateja watano. Mara mbili basi lilinishinda mbio nikabaki na hela ya mtu. Bibi yangu alinilazimisha niiweke kwenye bilauri kabatini, kana kwamba yule abiria wa Arusha angerudi kuifuata. Ilikaa humo mpaka sikukuu.

Kama huna noti ndogo, ungana na jirani yako mnunue kwa pamoja. Ni njia nzuri pia ya kuanza mazungumzo na mtu utakayekaa naye mpaka Kampala.

Ndizi si ndizi

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe, ambako undugu wa lugha unakuangusha mara ya pili.

Ukisema unataka ndizi utaletewa vidogo vitamu, vile tunavyoviita kisukari. Kwa Mganda hiyo ndiyo *ndiizi*, aina moja tu. Ndizi nyingine zina majina yao, na hakuna jina moja la kuzichanganya zote kiholela kama tunavyofanya sisi wa pwani. Ndefu nono za kumenya na kula ni *bogoya*. Za kupika ni *matooke*. Za pombe ni *mbidde*, na hizo usizinunue, utajikunja uso. *Gonja* ni jamaa ya mkono wa tembo: huachwa ikaiva ndipo ikachomwa, na ndiyo sababu ya watu wengi kusimama Lukaya.

Gonja nzuri ina rangi ya manjano iliyokolea, na imeungua mistari tu, siyo upande mzima. Ibonyeze kidogo kwa karatasi aliyokufungia. Ikiwa ngumu katikati ilimenywa kabla haijaiva, utatafuna unga. Ikiwa inateleza imepitiliza. Nzuri inarudi juu polepole, na ukiivunja inatoa mvuke na harufu kama ya asali iliyoanza kuungua. Kula papo hapo. Gonja iliyopoa ikifika Mpigi imekuwa mpira.

Mkungu wa matooke nunua tu kama unakwenda kwa mwenyeji na gari ni lako. Hakuna mizani; macho ndiyo mizani. Tazama vidole: vikiwa bado na pembe kali, ndizi haijajaa, imekatwa mapema. Vikiwa vimejaa mpaka pembe zimelainika, hiyo ina chakula ndani. Ukubwa wa mkungu usikudanganye. Shemeji yangu huchagua mikungu midogo iliyojaa, huilipia bila maneno mengi, na mpaka leo hajawahi kurudishiwa lawama jikoni.

Niendelee na maneno ya hatari. Mwenye nyumba wa mpwa wangu alikuwa amenipokea vizuri, nikataka nimpelekee mboga. Nikasema "mboga", nikapewa kabichi. Nikasema hapana, *mboga*, nikatia mkazo. Nikaongezewa kabichi ya pili. *Emboga* kwao ni kabichi. Mchicha ni *ddoodo*, ngogwe ni *entula*, na kuna majani machungu kidogo yanaitwa *nakati* ambayo ningekuwa na shamba Uganda ningepanda hayo tu. Siku nyingine niliomba "matunda" nikaletewa pasheni tupu, kwa kuwa *katunda* ni pasheni. Hilo sikulijutia.

Halafu Lwera. Mkishakianza kinamasi mtaona samaki wametundikwa kando ya barabara, na vijana wanawanyanyua gari linapokaribia. Kijana mmoja alipiga kelele "mmamba!", na abiria wa Dar es Salaam aliyekaa mbele yetu akamuuliza dereva kama nchi hii inaruhusu kuuza mamba. Dereva hakuelewa swali. *Mmamba* ni kamongo, yule samaki mrefu anayeweza kuishi kwenye tope. Kuna ukoo mkubwa wa Baganda wenye jina hilo hilo, na wao hawamli. Samaki nunua kama unapika jioni ile ile, vinginevyo waonee huruma wenzako ndani ya basi.

Nanasi ni zuri mno upande ule. Linuse kitako, lisilo na harufu liache hata kama limepaka rangi ya dhahabu. Vipande vilivyokwisha kukatwa na kufungwa mimi sivigusi, sijui kisu kimeoshwa wapi. Mwambie akukatie zima mbele yako. Fenesi wanaliita *ffene*. Kama umekulia Muheza au Unguja sina la kukufundisha, kama umekulia Dodoma paka mikono mafuta ya kupikia kwanza, kwa kuwa ule utomvu hauogopi maji.

Ukipita Novemba, au tena kati ya Aprili na Mei, utakuta senene. Masaka ndiyo makao yao: usiku huwashwa taa kali, mabati husimamishwa juu ya mapipa, wadudu wanajigonga na kuteleza ndani. Waganda wanawaita *nsenene*, na shemeji yangu husema kwamba hapo hakuna mpaka kati ya Bukoba na Masaka. Nunua waliokwisha kunyonyolewa mabawa na miguu, vinginevyo utaifanya kazi hiyo mapajani mwako mpaka Kampala. Wa kukaangwa wawe wakavu, wanalia wakitafunwa. Wakiwa laini wamelala.

Kurudi nyumbani

Kuna jambo moja linawakamata watu Mutukula. Mfuko wa plastiki, *kaveera*, Uganda bado unauona kila mahali: nanasi ndani ya kaveera, karanga ndani ya kaveera. Tanzania tuliipiga marufuku tangu Juni 1, 2019. Ukisahau, utajikuta unahamisha karanga kwenye kofia mbele ya foleni. Beba kikapu au mfuko wa kitambaa tangu unapoondoka nyumbani, na muuzaji atakuona mtu wa maana.

Mazao mabichi nayo yana wakaguzi wake. Usivushe machipukizi ya migomba wala kufungasha kitu kwa majani yake, hata kama wifi yako amekuomba mbegu ya bogoya. Mnyauko wa migomba uligunduliwa Uganda mwaka 2001, na watu wa Kagera wanajua ulivyowafanya baada ya kuvuka. Ulichonunua kwa ajili ya njiani ukile njiani. Safari moja tulifika geti na chane nzima ya ndiizi, tukaimaliza tumesimama, sisi wanne na mwanamama mmoja wa Kyaka tusiyemjua, maganda tukayaacha upande wao.

Safari yangu ya mwisho nilikuwa peke yangu, narudi. Basi likasimama Lukaya, nikafungua dirisha la kushoto, noti ya elfu moja imekunjwa tayari kiganjani. Akaja binti mdogo, koti limemzidi mabega. Nikamwambia kwa Kiganda nilichokifanyia mazoezi tangu Kampala, herufi kwa herufi: "Gyebale ko, nnyabo. Gonja ssente mmeka?"

Akanitazama kofia yangu ya kiua, akatazama kikapu.

"Buku tu, anko."